Tenga Juu ya Mlingoti

Karakana ya Jeshi la Majini
3 Februari

Shemeji,

Nimefika salama, ingawa mgongo wangu haukubaliani na neno hilo. Tumepewa vitanda vya chuma vilivyotengenezwa kwa ajili ya vijana wembamba. Mimi nikigeuka, kitanda kinalia, na chumba kizima kinajua fundi amegeuka.

Simu zetu zilikusanywa getini zikatiwa kwenye sanduku, zikawa zinalia humo ndani kama vifaranga mpaka chaji ikaziishia. Barua zinaruhusiwa, ila kwanza zinafunguliwa na afande mmoja mwenye miwani. Kwa hiyo kabla hujaendelea, tumsalimie. Shikamoo, afande.

Kazi yenyewe ni hii. Meli za vita zinazotembea ni chache, na nyingine zinasimama tu gatini zikila rangi. Kwa hiyo serikali imekusanya mashua za uvuvi, ndogo ndogo kama zetu, na sisi mafundi tunazigeuza kuwa za kijeshi. Tunang'oa sanduku la barafu, tunaweka sanduku la risasi. Tunatia mihimili chini ya sitaha ya mbele ili ibebe rashasha. Mwisho tunapaka rangi ya kijivu. Zikishapakwa zinafanana na mbuzi aliyetandikwa tandiko la farasi. Nakwambia kweli, ukizitazama zinaona haya.

Nilipofika nilizunguka gati zima nikiitafuta mashua yako, Sina Neno. Haimo. Nikamkumbuka yule ofisa aliyekuja kukagua mashua dikoni kwetu, alivyoigonga ubavuni, akatega sikio, akaguna, akaenda zake. Mimi niliyeiunda niliumia. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini.

Ombi moja tu. Niazime, yule mvuvi mwenzenu wa kuazima kila kitu, bado ana randa yangu. Aliichukua "dakika mbili" alainishie mlango wa nyumba yake. Tangu siku hiyo amepata mtoto, na mtoto sasa anatembea. Mdai kwa upole. Ile randa niliachiwa na baba.

Msalimie dada. Mwambie nakula.

Shemeji yako,
Fundi


Nyumbani
17 Februari

Fundi wa mashua zilizokataliwa na jeshi,

Salamu zimefika. Dada yako anasema hana shaka kwamba unakula, shaka yake ni kwa wengine kama wanabakiziwa. Afande, na wewe salamu zako hizi hapa.

Randa nimeidai. Nilimkuta Niazime mlangoni kwake, yaani pale ambapo mlango ungekuwa. Bado ni pazia. Akaniambia, "Mwambie fundi naimalizia kazi yake." Nikamuuliza kazi ya nani. Akasema, "Ya randa." Nikaondoka kabla hajaniazima viatu.

Na juzi kanifanyia jingine. Tulikuwa tumeshatupa nyavu, samaki wanaanza kuingia, mara tukaona tenga la samaki limepanda juu ya mlingoti wa Bora Uzima, mashua yake. Unajua mwenyewe. Tenga likipanda mtu haulizi ni la nani wala ana shida gani, anakwenda. Baba yako alitufundisha hivyo mimi na wewe kabla hatujaanza kunyoa. Nikaziacha nyavu nusu, nikakanyaga mafuta, tukafika jasho linatutoka. Niazime amekaa juu ya sitaha na kofia yake ile nyekundu, anapiga mluzi.

"Nahodha, una kiberiti?"

Nilimpa. Ningefanyaje? Lakini nilimwambia, "Siku moja utatundika tenga na watu watakupita."

Akavuta sigara yake vizuri kwanza. "Hawawezi," akasema. "Wewe, hasa, huwezi."

Mtu wa namna hiyo utamdai randa?

Niambie zaidi kuhusu hizo mashua. Hapa dikoni kila mtu ananiuliza habari zako, na nimeshaanza kuwaongopea.

Shemeji yako,
Nahodha


Karakana
2 Machi

Shemeji,

Acha kuwaongopea, nina ya kweli ya kuwapa.

Kwanza tuliaibika. Tulipoijaribu rashasha ya kwanza majini, mashua ilirudi nyuma kama mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe. Mbao za omo, kule mbele, zikaachana, maji yakaingia. Nilikuwa ndani yake. Mpiga risasi na mimi tulivutwa kwa kamba, na Kamanda akiwa amesimama gatini na wageni wake.

Jioni akatuita mafundi wote. Hakugomba, na hilo likawa baya zaidi. Akasema hizi mashua hazina mbio wala nguvu, na rangi yake inaonekana toka mbali. Sasa zina faida gani? Watu wakatazama viatu. Mimi na huu mdomo wangu mnaoujua, nikasema: afande, mashua ya uvuvi ina faida moja tu, kwamba ni mashua ya uvuvi.

Akaniambia nivute kiti. Shemeji, kiti. Mafundi wenzangu wamesimama, mimi nimekaa, naletewa chai kwenye kikombe chenye sahani. Akaniuliza mambo yetu ya majini, moja baada ya moja, na kila nililomjibu, Luteni wake akalichora. Kwa mfano niliwaambia kwamba . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . .

Tangu siku hiyo naitwa Mwalimu. Mtu aliyefukuzwa darasa la sita kwa kulala. Mwambie dada, ila amwambie taratibu asianguke.

Shemeji yako,
Fundi (Mwalimu)


Nyumbani
16 Machi

Mwalimu,

Barua yako imefika na dirisha. Afande amekata kipande kwa mkasi, kwa ustadi kabisa. Dada yako alichungulia kwenye tundu akasema anakuona umekaa kwenye kiti. Sasa soko zima linajua. Wauza samaki wanamwita Dada wa Mwalimu na anaitika.

Lakini niambie, mambo yetu yapi hayo yanayokatwa na mkasi? Mimi nadhani mambo yetu yote ni upepo, samaki na kulalamika.

Huku si kuzuri. Doria ya ng'ambo inavuka mpaka wa maji sasa mchana kweupe. Wakimkuta mvuvi amekwama wanachukua injini na samaki, na mwenyewe wanamwacha aelee. Wiki jana nusura ituangukie sisi. Injini ilikufa, mkondo ukaanza kutusukuma kwao. Nikapandisha tenga. Nikawa nasema moyoni, nani atakuja huku leo, labda mwendawazimu.

Akaja Niazime. Alikuwa ameshatupa nyavu. Akazikata kamba, akaziacha na samaki wake ndani, akatuvuta mpaka nyumbani akipiga mluzi njia nzima. Zile nyavu hatukuzipata tena. Nilipotaka kumshukuru akanizuia kwa mkono.

"Usinishukuru," akasema. "Niazime nanga."

Nimempa. Sasa ana randa yako na nanga yangu. Akipata msumeno, atafungua karakana.

Shemeji yako,
Nahodha


Karakana
9 Aprili

Shemeji,

Nilichelewa kujibu, kazi ni nyingi. Chakula ni kizuri. Hali ya hewa ni nzuri.

Kuhusu Niazime na kiberiti chake. Nimefikiria sana na huu ndio ushauri wa Mwalimu: akitundika tenga, mpite. Mtu mzima hawezi kukimbiza watu majini kila siku kwa ajili ya moto wa sigara. Mpite. Na kama si yeye, kama ni mwingine, au mashua usiyoijua vizuri, mpite pia. Usisogee karibu. Geuza uende zako, ukifika nyumbani ule ulale.

Najua unavyonijua kwa mzaha. Safari hii fanya nilivyosema.

Msalimie dada.

Fundi


Nyumbani
20 Aprili

Shemeji,

Barua yako fupi nimeisoma mara nyingi kuliko zile ndefu. Umekandamiza kalamu mpaka karatasi imetoboka kwenye neno "mpite".

Niliwasomea wenzangu wawili wa Sina Neno, wakacheka sana. Kosa langu lilikuwa kuwasomea. Sasa imekuwa wimbo wa diko. Niazime akipita anaomba chumvi, mtu anamwambia, "Mwalimu kasema tukupite." Naye anajibu, "Mwambieni Mwalimu nitamwazima hata hilo neno lake." Watu wanashika mbavu.

Mimi sikucheka sana. Wewe hujawahi kuandika barua ya mistari michache. Wewe hata ukiandika orodha ya misumari unaweka kisa.

Kwa hiyo nakuuliza, ni mzaha au si mzaha? Kama afande na mkasi wake wanakuzuia, basi jibu mpe dereva wa lori la barafu aliyekuletea hii. Anashusha barafu jikoni kwenu kila Ijumaa na kulala hapa kwetu. Ni mtu wa siri, wala kusoma hapendi. Nieleze yote. Mtu hawezi kuacha kitu alichofundishwa na baba mkwe kwa neno moja bila sababu.

Shemeji yako,
Nahodha


Karakana
26 Aprili

Shemeji,

Si mzaha.

Fundi


Nyumbani
23 Mei

Mdogo wangu,

Ni mimi dada yako. Shemeji yako hashiki kalamu siku hizi, wala usukani. Anakaa chumba cha nyuma akiparura kutu kwenye misumari ya zamani ambayo haina kazi.

Niazime amekufa maji.

Nakueleza kama nilivyoelezwa na waliopona. Walikuwa watatu ndani ya Bora Uzima. Injini ilizima, halafu ubao mmoja wa chini ukaachia. Wakawa wanachota maji kwa ndoo. Niazime akatundika tenga. Asubuhi hiyo zilipita mashua mbili kwa mbali, hazikugeuka. Kisha ikapita ya tatu, karibu, na wote waliitambua kwa kile kiraka ulichoitia ubavuni. Ilikuwa Sina Neno. Niazime akaruka akapunga kofia. Akawaambia wenzake, "Tumepona, yule ni wangu." Sina Neno ikapunguza mwendo. Halafu ikageuza, ikaenda.

Wanasema hakumtukana. Alivaa kofia yake tena akaendelea kuchota maji. Mashua ilipozama, madumu matupu yalikuwa mawili. Aliwapa wao. Waliokotwa kesho yake na meli ya mizigo.

Sasa sikia yanayosemwa hapa. Wanasema nahodha alimnunia marehemu kwa ajili ya nanga. Nanga, mdogo wangu. Wanasema mbele yangu sokoni, nikipima samaki. Na mume wangu hajibu. Hajamwambia mtu hata mmoja kwamba kulikuwa na barua. Wale wenzake wawili amewakataza wasitaje jina lako.

Mimi barua zako nimezitoa mvunguni mwa kitanda nikazisoma zote. Waliozoea kucheka husema mzaha mzaha hutumbua usaha. Lakini wewe uliandika kwamba si mzaha. Kwa hiyo ulijua jambo. Nakuuliza mimi niliyekubeba mgongoni: ulijua nini, na ulijuaje?

Usinijibu kwa kisa.

Dada yako


Karakana
Ijumaa, 31 Mei

Dada,

Barua hii nampa dereva wa barafu.

Umenikataza kisa, sitatia kisa. Kile kipande kilichokatwa na mkasi kilikuwa hivi. Kamanda aliniuliza, mvuvi akikwama majini, anajulikanaje? Nikamwambia. Nikamweleza tenga. Nikamweleza jinsi baba alivyotufundisha kwamba haliulizwi. Hata sikuulizwa mara ya pili, dada. Nilikuwa nimeletewa kikombe chenye sahani, na watu wenye nyota mabegani wananisikiliza, nikaona nina mengi ya kusema. Nikachukua penseli ya Luteni nikawachorea tenga linavyofungwa.

Baada ya hapo hatukupaka tena rangi ya kijivu. Tuliziacha mashua na rangi zake zilizobanduka. Rashasha tukaifunika nyavu, mimi ndiye niliyetengeneza fremu ya mbao inayofunguka kwa kamba moja, nyavu zikaanguka na mdomo wa bunduki ukatokea. Nilijivunia fremu ile. Wanamaji walivishwa fulana zilizochanika na kuambiwa waanike samaki. Halafu mashua inakwenda karibu na mpaka, inazima injini, inapandisha tenga, inangoja. Doria ya ng'ambo inakuja kumvua mvuvi aliyekwama. Nyavu zinaanguka.

Mara ya kwanza ilifanya kazi. Waliimba gatini, mimi nikabebwa juu juu. Nilicheka huku nimebebwa.

Mara ya pili waliokuja hawakuwa doria. Walikuwa wavuvi, wameona tenga, wamekuja. Wanamaji wale ni vijana, wana hofu, waliona mashua inakuja mbio wakafyatua. Mashua ya wale wavuvi ililetwa hapa kwangu nizibe matundu. Kulikuwa na dumu la maji ya kunywa na kipande cha mkate kimefungwa kwenye kitambaa. Walikuwa wanawaletea maji. Mmoja wao hataweza tena kuvuta kamba. Mwingine sikuambiwa.

Ndipo nilipomwandikia shemeji ile barua ya "mpite". Nilifikiri nimeokoa watu wangu. Sikufikiri kwamba na huko majini kuna tenga za kweli, na kwamba wenye tenga za kweli ndio hao hao watu wangu.

Na hili ndilo ambalo nilitaka kulipita, nimeshalipita mara mbili nikiandika barua hii. Shemeji alinielekeza kwa dereva wa barafu. Dereva alikuwa hapa, anashusha barafu chini ya dirisha langu, nilimsikia akikohoa. Ningeweza kuandika yote: mashua zipi ni za jeshi, zinakaa upande gani, zina alama gani. Alama zake nazijua, nimezitengeneza mimi. Mtu angeweza kumtambua Niazime kwa mbali na kumwendea bila hofu. Niliogopa barua ikikamatwa nitapoteza kiti. Sikuogopa jela, dada. Niliogopa kiti. Nikaandika maneno mawili, nikampa afande wa miwani, akasema, "Mwalimu leo una haraka."

Waambie watu dikoni kwamba ni mimi. Nanga haihusiki na kitu. Usimwache mume wako abebe jina hili.

Sijui niweke nini mwisho wa barua. Zamani ningeweka utani.

Mdogo wako


Nyumbani
9 Juni

Shemeji,

Dada yako alinipa barua yako nikiwa na misumari yangu. Nikaisoma. Nikaenda kunawa. Nikaisoma tena. Jibu nalo nampa dereva.

Sikuwaambia watu dikoni, na dada yako nimemzuia. Si kwa kukuhurumia. Ukitaka wajue, una mdomo, na tumeshaona unavyoweza kuutumia.

Na usichukue kisichokuwa chako, maana naona unakitaka chote. Siku ile tulikuwa karibu kiasi cha kuiona kofia nyekundu. Mwenzangu mmoja akasema, "Ni Niazime yule." Wa pili akasema, "Mpite," kwa ile sauti ya wimbo wa dikoni. Tukacheka. Nataka ulijue hilo, kwamba tulicheka. Nilipunguza mwendo. Nilimjua. Nilishahisi unaogopa mashua za jeshi, na nilijua ile si ya jeshi, jeshi lingempata wapi mtu yule? Nikasema moyoni, ama ni barua ya Fundi, ama ni kiberiti, kwa vyovyote sihitajiki. Nikageuza. Barua yako haikushika usukani. Mkono ulikuwa wangu, na ulikuwa mkono wa mtu ambaye miezi miwili nyuma alivutwa mpaka nyumbani.

Alisema, "Wewe, hasa, huwezi." Nikaweza.

Wiki iliyopita dada yako alinitoa chumbani kwa nguvu, tukaenda kumpa mkono mjane. Nilibeba mchele kama mtoto aliyetumwa. Pazia lile lile mlangoni. Ndani, mlango wenyewe umelazwa juu ya vigoda viwili. Umekwisha, shemeji. Umelainishwa kama ubao wa kusomea. Kilichobaki ni bawaba tu. Na juu yake ipo randa ya baba yako, imepakwa mafuta, makali yamenolewa, imefungwa kwenye kitambaa safi.

Nikanyoosha mkono niichukue nikuletee. Mjane akaiweka nyuma yake.

"Marehemu alikuwa anaona aibu," akasema. "Kila siku alisema kesho ataipeleka, halafu anasema imechelewa mno, ataipelekaje kwa mkono wa mtu mwingine. Alisema atamkabidhi fundi mwenyewe mkononi, amwombe radhi. Basi fundi aje mwenyewe."

Alikuwa anaona aibu kwa randa. Tulikaa pale mimi na dada yako, hatuna pa kuweka macho.

Jambo la mwisho. Jana tenga lilipanda tena. Tulikuwa mashua tano pale, na kila mmoja akamtazama mwenzake. Hakuna aliyesogea. Nilikwenda mimi, si kwa ushujaa, ila sikuweza kugeuza tena. Ni wavuvi wa diko jingine, wamepotelewa na usukani. Nilipowakaribia walikuwa wamesimama na mapanga, wananitazama mikono. Wametundika tenga wao wenyewe na wanamwogopa aliyekuja. Nikawarushia kamba, ikachukua muda mtu kuishika.

Hiyo fremu yako, shemeji, ndiyo imefungua hilo. Wewe ni fundi. Sijui kama hilo lina ufundi wake.

Njoo. Sikusamehe kwa barua, na wewe usinisamehe kwa barua.

Nahodha


Karakana
Alhamisi, 20 Juni

Shemeji,

Nimeomba kuondoka. Kamanda aliuliza ni nani atakayebaki kuwafundisha vijana. Nikamwambia yote niliyoyajua nimeshayasema, na kwamba hilo ndilo linaloniondoa. Hakuelewa. Alinipa mkono. Luteni aliuliza kama nataka ule mchoro wa tenga kwa kumbukumbu. Nilisema sitaki, kisha nikarudi nikauchukua, maana niliona vibaya kuuacha pale. Najua hausaidii. Wanao mwingine, na wanao kichwani.

Mashua ninazozijua, na alama zake zote, nitakueleza kwa mdomo kesho, wewe na nahodha yeyote atakayetaka kunisikiliza. Nikikamatwa kwa hilo, nikamatwe. Tenga halitarudi lilivyokuwa kwa maneno yangu, lakini angalau mtu ataweza kujua anamwendea nani.

Nakuja na lori la barafu; barua hii dereva atakuletea wewe mimi nikiwa nimeshashuka. Dada asipike. Sitapitia kwenu kwanza.

Nimenunua bawaba tatu, za shaba, nzito. Nitazipeleka kwa mjane pamoja na misumari yake. Sijui nitasema nini nikiwa pale nje. Nimejaribu maneno mengi kitandani na kitanda kimelia kwa kila moja. Nadhani nitapiga hodi tu mbele ya lile pazia, nitaje jina langu, na niseme nilichofanya kabla sijaingia, ili kama ni kunifukuza anifukuze nikiwa bado nje.

Na asipoitika, nitangoja pale pale. Akiniona nimesimama akanipita, nitajua alichokiona Niazime.

Fundi